Waranti ya nyongeza ya kompyuta: inunue lini, iache lini (uzi mrefu kidogo)

Mtoa mada

Wakuu, habari za majukumu.

Swali la waranti ya nyongeza linarudi kila mara, na majibu huwa mawili tu: "nunua usije ukajuta" na "achana nayo, ni kula hela za watu". Yote mawili yanaruka hesabu. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na karatasi za waranti nazisoma mara nyingi kuliko wanaozinunua, kwa sababu mteja huniletea mashine pamoja na karatasi na kuniuliza kama kuna namna. Mara nyingi hakuna, na inaniuma, maana mtu alilipa akiamini amejikinga.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo kaunta ya dukani huviita jina moja. Kuna waranti ya mtengenezaji: hiyo inakuja na mashine na umeshailipia ndani ya bei. Kuna waranti ya nyongeza: hiyo hurefusha ile ya kwanza, yaani ni kasoro zilezile za kiwandani, kwa miaka zaidi. Halafu kuna kinga ya ajali: maji, kuanguka, kioo kupasuka. Hii ya tatu ndiyo watu wengi wanadhani wameinunua wakati wamenunua ya pili. Muuzaji akisema "inahusika na kila kitu", mwombe akuonyeshe neno "kimiminika" liko ukurasa gani, na liko upande wa vinavyolipwa au wa visivyolipwa.

Sasa hesabu. Tuseme nyongeza ya miaka 2 inauzwa kwa asilimia 15 ya bei ya mashine, na tengenezo kubwa, la mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani) au kioo, linakula asilimia 40 ya bei hiyo. Gawa 15 kwa 40 unapata 0.375. Maana yake, ili watu 100 walionunua wasipate hasara kwa ujumla wao, mashine zaidi ya 37 kati ya hizo 100 lazima zipate ugonjwa mkubwa ndani ya hiyo miaka 2. Tena uwe ugonjwa ambao karatasi inaukubali. Weka namba zako mwenyewe badala ya zangu, njia ni hiyohiyo: bei ya waranti gawa kwa gharama ya tengenezo unaloliogopa.

Je, laptopu zinakufa kwa kiwango hicho? Mwaka 2009 SquareTrade, kampuni ambayo biashara yake ni kuuza waranti, ilichapisha uchambuzi wa laptopu 30,000 ilizokuwa inazihudumia. Karibu theluthi moja zilipata tatizo ndani ya miaka 3. Lakini ukiifungua hiyo theluthi: takriban asilimia 20 zilikuwa hitilafu za mashine yenyewe, na takriban asilimia 11 zilikuwa ajali. Ajali haimo kwenye nyongeza ya kawaida, kwa hiyo itoe. Hitilafu za mwaka wa kwanza ziko chini ya mtengenezaji, nazo zitoe. Kilichobaki kwa ile miaka 2 unayoombwa kuilipia kiko chini kabisa ya 37, na hizo ni takwimu za muuzaji wa waranti mwenyewe. Ni za zamani, ndiyo, na laptopu za sasa nyingi hazina tena diski inayozunguka, ambayo ilikuwa moja ya vitu vinavyokufa kirahisi.

Kwa vifaa vya kompyuta ya mezani sioni hata mjadala. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za kampuni kubwa kama Kingston na Corsair huja na waranti ya maisha ya bidhaa. Pawa saplai nzuri (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) huja na miaka 10, na baadhi ya zile za kampuni ya Seasonic hufika 12. SSD (diski zisizo na kitu kinachozunguka) nyingi za daraja la kati zina miaka 5, ila hapo kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakioni: kiasi cha data kilichoandikwa. SSD ya Samsung 870 EVO ya TB 1 (terabaiti moja), kwa mfano, ina miaka 5 au TB 600 za kuandikwa, kinachotangulia ndicho kinachofunga waranti. Mtumiaji wa kawaida hafikii TB 600 ndani ya miaka 5. Anayehariri video kutwa nzima aangalie.

Diski zinazozunguka nazo zina takwimu za wazi. Backblaze, kampuni ya kuhifadhi data, huchapisha takwimu za vifo vya diski zake, ambazo zinafanya kazi usiku na mchana. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa asilimia 1.40 kwa mwaka, na 2022 kilikuwa 1.37. Yaani katika diski 100, moja au mbili. Halafu kumbuka kwamba diski ikifa kinachouma ni mafaili, na hakuna waranti ya kawaida inayokurudishia mafaili. Utapewa diski mpya tupu. Kinachookoa mafaili ni bakapu, yaani nakala uliyoiweka pembeni.

Kwa hiyo msimamo wangu: usijiulize "itaharibika?" Jiulize "ikiharibika kesho asubuhi, naweza kununua nyingine au kuitengeneza bila kukopa na bila kazi yangu kusimama?" Ukijibu ndiyo, acha waranti, tenga hela hiyo pembeni. Ukijibu hapana, endelea kusoma, kwa sababu kwako wewe inaweza kuwa na maana, lakini si waranti yoyote ile.

Karibuni.

Mhasibu Mstaafu

Mkuu, shukrani kwa uzi uliokwenda shule. Naunga mkono hesabu, na ningeongeza jambo moja: thamani ya mashine inashuka kila mwaka. Waranti umeilipia kwa bei ya siku ya kununua, lakini mwaka wa tatu kinachokingwa ni mashine ambayo sokoni imebaki na sehemu tu ya thamani ile. Na karatasi nyingi zina kifungu kinachosema wanaweza kukupa kifaa "kinacholingana", kilichowahi kutumika na kurekebishwa. Msome hicho kifungu.

Mama Stesheni

Mimi napingana kidogo, mnisamehe. Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kudurufu. Nimekuwa nikinunua waranti ya nyongeza kwa kila mashine na sijutii. Siku mazabodi ilipokufa nilipiga simu, akaja fundi wao na kifaa mkononi, kesho yake nikaendelea na kazi. Mtoa mada anahesabu bei ya kifaa, hahesabu wateja waliosimama mlangoni. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.

Mtoa mada

Mama, nakushukuru kwa kupinga, na kwa hali yako ulifanya sawa. Ila tuangalie ulichonunua hasa. Waranti haikuizuia mazabodi kufa, kwa hiyo kinga sio. Kilichokusaidia ni kile kifungu cha fundi kuja mwenyewe siku ya kazi inayofuata. Ungekuwa na nyongeza ya kawaida, ya kupeleka mashine kituoni na kusubiri, ungekuwa na haki yako yote kwenye karatasi huku wateja wanaondoka.

Hilo ndilo nalotaka watu walishike. Waranti mbili zinaweza kuwa na miaka sawa na bei zinazokaribiana, moja ikakutengenezea kesho, nyingine ikakaa na mashine yako wiki kadhaa ikisubiri kifaa. Kwa mtu ambaye kompyuta ndiyo duka lake, muda wa kurudi kazini una thamani kuliko kifaa chenyewe. Mashine za kibiashara za Dell, HP na Lenovo huuzwa na chaguo hili la huduma ya mahali ulipo. Kabla hujalipa uliza: huduma hiyo inafika eneo langu kweli, au imeandikwa tu? Vifaa viko ghala gani? Siku ya kazi inayofuata inahesabiwa kuanzia nilipopiga simu, au kuanzia walipomaliza kupima tatizo kwa simu?

Kuna njia ya pili kwa ofisi yenye mashine nyingi, na mimi naipenda zaidi. Tuseme mna kompyuta 30 za aina moja. Asilimia 15 ya kila moja, mara 30, ni bei ya mashine nne na nusu. Nunueni mbili za akiba, zikae kabatini zikiwa zimeshawekewa programu zote, na hela inayobaki iwe mfuko wa matengenezo. Mashine ikifa, mtu anahamia nyingine ndani ya saa moja. Hakuna waranti inayofikia kasi hiyo. Kwa ofisi yenye mashine mbili au tatu njia hii ni nzito, na hapo Mama yuko sahihi.

Kijana wa Chuo

Mkuu, laptopu yangu bawaba imeng'oka, ina miezi minane tu. Kituo cha huduma kimesema ni uharibifu wa kimwili, waranti haihusiki. Sikuiangusha hata siku moja. Hii imekaaje?

Mtoa mada

Pole sana, mdogo wangu. Hili nalikuta mno, na ngoja nieleze linavyotokea ndani ili ukirudi kwao uwe na maneno.

Bawaba yenyewe ni chuma na ni imara. Tatizo ni pale inapofungiwa. Kwenye laptopu nyingi za bei nafuu skrubu za bawaba hazishiki chuma, zinashika vikombe vidogo vya shaba nyeupe au njano vilivyozamishwa kwenye plastiki ya ganda. Kila ukifungua kifuniko, bawaba inaivuta ile plastiki. Bawaba ikikaza kwa kukauka au kwa kuwa ilitoka kiwandani imekazwa mno, mvuto unaongezeka, plastiki inaanza kupata nyufa nyembamba ambazo kwa nje huzioni. Siku moja unafungua kama kawaida, unasikia "ka", kona ya fremu inaachana na kioo. Ukifungua ndani unakuta kikombe cha shaba kimetoka mzima na kipande cha plastiki bado kimekiganda, skrubu ikiwa ndani yake imekaza vilevile.

Hiyo ndiyo dalili ya kuwaonyesha. Mashine iliyoanguka huwa na alama kwa nje: kona imebonyea, kuna mkwaruzo mzito, au ganda limepasuka kutokea nje kwenda ndani. Yako kama ganda la nje ni safi na kilichong'oka ni kikombe kutoka ndani, hilo ni suala la kiwanda kutengeneza sehemu dhaifu. Piga picha kona zote nne kwa karibu, halafu omba kwa maandishi maelezo ya nini hasa kinaonyesha imeanguka. Usibishane kaunta. Peleka kwa mtengenezaji moja kwa moja, na ueleze tatizo kwa seria namba. Tafuta pia kama wenye modeli yako wanalalamikia kitu hichohicho, kwa sababu malalamiko mengi ya modeli moja yana nguvu.

Na hapa naomba wote mnisikilize. Bawaba, tundu la chaja na maji kwenye kibodi ndivyo vinavyoniletea laptopu nyingi mezani, na vyote vitatu viko kwenye mpaka wa kasoro na ajali, mahali ambapo karatasi ya kawaida inakuacha peke yako. Ndani ya laptopu na simu nyingi kuna vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji. Fundi wa kituo huanza na hivyo kabla hajapima umeme. Kikiwa chekundu, mazungumzo yameisha, hata kama tatizo ulilopeleka ni spika.

Ndiyo maana kwa laptopu inayobebwa kila siku begani, kama mtu ana hela ya kununua kitu kimoja tu, namwambia anunue kinga ya ajali na si kurefusha waranti. Na asome kiasi atakachochangia kila anapodai, na ukomo wa madai kwa mwaka.

Kibarua wa Data

Nina maswali mawili. Moja, nikifungua mashine mwenyewe kuongeza RAM, nimeua waranti? Maana kuna kibandiko kinasema ukikitoa imeisha. Mbili, kuna modeli zina ugonjwa wa kuzaliwa nao, je kwa hizo nyongeza haisaidii?

Mtoa mada

Kibandiko: inategemea sheria ya nchi ulipo. Marekani kuna sheria ya waranti ya mwaka 1975, inaitwa Magnuson-Moss, na kwa ujumla hairuhusu kampuni kukulazimisha utumie vipuri au huduma zake tu ili waranti isimame. Aprili 2018 FTC, tume inayosimamia biashara huko, ilizitumia kampuni sita barua za onyo kuhusu maneno ya aina hiyo. Ila ukivunja kitu wakati wa kufungua, hicho ulichovunja ni chako. Nchi nyingine hazina kinga kama hiyo, kwa hiyo angalia mwongozo wa modeli yako: Lenovo na Dell huchapisha miongozo ya kufungua mashine zao na kusema kipi mteja anaruhusiwa kubadilisha mwenyewe. Kama RAM imo kwenye orodha hiyo, fungua bila hofu.

Magonjwa ya kuzaliwa: hapa historia ina mafunzo. Mwaka 2008 Nvidia ilikiri kuwa baadhi ya chipu zake za laptopu zilikuwa na malighafi dhaifu kwenye ufungaji wake, na HP na Dell wakarefusha waranti kwa modeli zilizoguswa. Juni 2018 Apple ilitangaza kutengeneza bure kibodi za MacBook zilizokuwa zinakwama, kwa miaka 4 tangu kununuliwa. Na mwaka 2024 Intel, baada ya prosesa zake (chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta) za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani kuanza kuyumba, iliongeza miaka 2 juu ya miaka 3 iliyokuwepo kwa zile zilizouzwa kwenye boksi.

Mara zote tatu wateja walipata nyongeza bila kulipia, ila baada ya kelele nyingi na muda mrefu wa kusubiri. Mtu mwenye waranti hai wakati wa kusubiri alihudumiwa mapema, hilo nakubali. Asiyekuwa nayo alijilipia kwanza, na bahati ikiwa nzuri akadai kurudishiwa baadaye. Kwa hiyo kabla hujalipa fundi yeyote, mimi nikiwemo, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uangalie kama modeli yako ina mpango wa matengenezo. Nimeshawarudisha wateja na mashine zao kwa sababu hiyo, waende wakatengenezewe bure.

Na kuna upande wa pili wa historia. Watengenezaji hupunguza pia. Mwishoni mwa 2011, baada ya mafuriko ya Thailand kusimamisha viwanda vya diski, Seagate na Western Digital walipunguza waranti kwa baadhi ya diski za kawaida kutoka miaka 3, mmoja hadi mwaka 1 na mwingine hadi miaka 2. Usinunue diski leo ukidhani waranti yake ni ile ya diski uliyonunua zamani.

Mhasibu Mstaafu

Sheria zinabadili hesabu nzima. Walioko nchi za Umoja wa Ulaya wanalindwa kisheria kwa miaka 2 dhidi ya kasoro iliyokuwepo tangu mwanzo, na anayewajibika ni muuzaji, halipii mteja chochote cha ziada. Uingereza nako, tangu 2005 duka linalouza vifaa vya umeme vya nyumbani linatakiwa lionyeshe bei ya waranti ya nyongeza kando ya bei ya kifaa, na mnunuzi wa waranti ya zaidi ya mwaka mmoja anaweza kuifuta ndani ya siku 45 akarudishiwa hela yote. Mtu akiwa huko akishawishiwa kaunta, bado ana muda wa kwenda nyumbani kuisoma.

Mtoa mada

Umenena vyema, mzee wangu. Ongezeni swali hili: nani anasimama nyuma ya karatasi? Ya mtengenezaji utaikuta kwenye mfumo wake kwa seria namba, popote ulipo kwenye nchi inazozihudumia. Ya kampuni ya tatu inaishi kadiri kampuni hiyo inavyoishi. Ya duka inaishi kadiri duka linavyoishi. Mashine iliyoagizwa kutoka nchi nyingine nayo huenda ina waranti ya nchi ile tu.

Kwa wenye siri za watu kwenye diski, kama ofisi za afya au sheria: kawaida ukipewa diski mpya ile mbovu wanaichukua. Dell na HP wana chaguo la kubaki na diski yako iliyokufa. Hicho ni kitu ambacho ningekilipia bila kusita.

Mgeni Mpya

Uzi umenifungua macho. Waranti ya mtengenezaji kwenye laptopu yangu inaisha mwezi ujao, na wameanza kunitumia ujumbe nirefushe. Nifanyeje?

Mtoa mada

Usijibu ujumbe bado, una wiki kadhaa za kuitumia waranti uliyo nayo, na watu wengi huziacha zipite.

Pima kila kitu wakati bado ni bure. Chomeka flashi kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, uitikise kidogo uone kama inakatika. Tundu la chaja vilevile: kama inabidi uishike waya kwa pembe fulani ndipo ichaji, hilo ni la kuripoti leo. Endesha programu ya kupima RAM usiku kucha. Soma hali ya SSD kwa programu ya mtengenezaji. Weka kioo kiwe cheupe kitupu, kisha cheusi kitupu, utafute nukta zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. Fungua na kufunga kifuniko taratibu ukiwa umeweka kidole kwenye kona ya bawaba: kama ganda linainuka, ndio ule ugonjwa wa mdogo wetu hapo juu unaanza. Sikiliza feni ikiwa na kazi nzito. Betri angalia uwezo wake wa sasa dhidi ya ule wa kiwandani, ingawa wengi huihesabu kama kitu cha kuisha na huipa mwaka mmoja tu hata ukirefusha waranti ya mashine.

Ukikuta kasoro, fanya bakapu, fungua madai kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho, na tunza namba ya madai pamoja na risiti. Ukikuta mashine ni nzima kabisa na unaweza kuibadilisha kwa akiba yako, iache iishe. Ukikuta huwezi, niandikie hapa modeli yako na bei waliyokutajia ukilinganisha na bei uliyonunulia, pamoja na maneno yao kuhusu ajali na muda wa huduma, tuipigie hesabu pamoja.